Uzoefu Wangu wa Kuishi katika Nyumba ya Pamoja ya Watu wenye Ulemavu, Mtwara

Niliumia uti wa mgongo nikiwa kijana na ninatumia kiti mwendo. Kabla ya kuhamia katika nyumba hii iliyopo Manispaa ya Mtwara-Mikindani, niliishi Newala kwa dada yangu, aliyenitunza kwa upendo mkubwa, lakini saa ya kuoga, chakula na hata ruhusa ya kutoka nje vilipangwa na wengine. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kuhama, na kwa familia zinazodhani kwamba kumwachia ndugu yao aishi hivi ni kumtelekeza.

Tupo wapangaji wanne: wawili tunatumia viti mwendo, mmoja haoni, na mmoja ana ulemavu wa akili. Kila mmoja ana chumba chake na ufunguo wake. Umeme na maji tunachangia, na zamu za wasaidizi tunazipanga sisi wenyewe katika kikao cha nyumba.

Jambo ninalolisifu kuliko yote ni namna wasaidizi walivyofundishwa. Hakuna anayekisukuma kiti changu bila kuniuliza. Sokoni, muuza samaki alimgeukia msaidizi wangu akasema, “Dada, mgonjwa wako anataka yupi?” Msaidizi alinyamaza kimya mpaka nilipojibu mwenyewe, “Kaka, mnunuzi ni mimi, nipe changu yule mkubwa.” Ukimya ule ulikuwa ni kazi yake, na aliifanya vizuri. Mwenzetu mwenye ulemavu wa akili, ambaye nyumbani kwao hakuruhusiwa kukaribia jiko, sasa anapika kisamvu tunachokila sote, na ananunua umeme wa LUKU kwa simu akifuata picha za hatua alizochorewa ukutani.

Hii si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika kifungu cha 19 haki yetu ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, pamoja na kupata msaada binafsi unaohitajika ili tusitengwe na jamii. Ndiyo maana sikubaliani na kanuni iliyowekwa na wasimamizi kwamba wageni waondoke saa kumi na mbili jioni. Mpangaji mwingine yeyote mjini hapa hapangiwi saa ya kumuaga mgeni wake, na kanuni hiyo haikuletwa kwenye kikao chetu.

Kasoro kubwa zaidi ni njia ya mteremko mlangoni. Sakafu imeinuka sentimita 45 hivi kutoka ardhini, na kwa kipimo kinachotumika sana, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia ilipaswa kuzidi mita 5. Iliyojengwa haifiki mita 3. Siwezi kuipanda peke yangu hata nikijitahidi vipi, na mvua ikinyesha hata kuishuka ni hatari, kwa hiyo nyumba iliyokusudiwa kunipa uhuru inanilazimu kumwita mtu kila ninapotoka na kila ninaporudi.

Usiku nao una upungufu. Msaidizi halali hapa, bali anapigiwa simu. Kwa mwenzangu asiyeona hilo halina shida, lakini mimi nisipogeuzwa kitandani ninaweza kupata vidonda vya mgandamizo bila kuhisi maumivu yoyote, kwa kuwa mwili wangu chini ya kiuno hauna hisia.

Chumba ninakipenda, wenzangu ninawapenda, na kodi ninaimudu kutokana na kazi yangu ya ushonaji. Hata hivyo, nimewaandikia wasimamizi barua kwamba sitasaini mkataba mpya mpaka njia ya mlangoni ijengwe upya na zamu ya usiku ipate mtu. Wameahidi mafundi kabla ya masika, na suala la usiku bado hawajalijibu.