Miezi minane na mashine ya leza: inakata vizuri, ila usiipe mgongo

Mashine yangu ni ya leza ya kaboni dioksidi, wati 60, ya kukata na kuchonga. Naitumia karibu kila siku kwa plaiwudi, akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) na ngozi. Kwa usafi wa kazi sina ugomvi nayo: plaiwudi ya milimita 3 inakatika kwa mpito mmoja, na maandishi madogo yanasomeka bila mtu kukodoa macho. Kilichonifanya niandike ni moto.

Wiki ya tatu nilikuwa nakata miduara midogo midogo kwenye akriliki ya milimita 6, imesongamana ili nisipoteze ubao. Mwendo niliupunguza sana. Nikasogea hatua tatu hivi hadi kwenye kompyuta, kubadilisha faili. Sasa, kukata akriliki huwa kuna ulimi mdogo wa moto unaoikimbilia leza, unawaka na kuzimika, na ukishauzoea huushtukii tena. Nilipogeuka, ulimi ule ulikuwa haukimbilii kitu. Ulikuwa umekaa mahali pamoja, wa manjano, urefu wa kidole, umetulia kama mshumaa. Akriliki haipigi kelele ikiwaka. Inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na matone yale yalikuwa yakiangukia kwenye trei ya chini, ambako nilikuwa nimeacha mabaki ya siku nne.

Nikabonyeza kitufe cha dharura. Leza ikazimika, kichwa kikasimama, lakini feni ya kutoa moshi ikaendelea kunguruma, kwa sababu ina plagi yake peke yake. Ikawa inauvutia moto hewa mpya! Niliichomoa ukutani ndipo nikaufunika moto kwa taulo bichi. Hasara ilikuwa ubao mmoja na kovu kwenye dirisha la kifuniko, ambalo nalo, nimekuja kugundua, ni la akriliki. Linazuia mwali wa leza vizuri kabisa, ila kwa moto ni kuni tu. Siku hizi mashine na feni vyote viko kwenye swichi moja ya ukutani, karibu na mlango.

Lawama zangu kubwa naziweka kwenye pampu ya hewa iliyokuja na mashine. Ni ya nguvu ya tangi la samaki. Kazi ya hewa ile ni kuupuliza moto utoke kwenye mkato kabla haujashika, na pia kuikinga lenzi na moshi. Nilipoweka kompresa ndogo, ule ulimi wa moto karibu upotee, na kingo za plaiwudi zikaacha kuwa nyeusi. Kwa kuchonga napunguza hewa, kwa kukata naifungulia. Ukiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza hicho. Na lenzi ifute: ikishika masizi, mwali unatawanyika, joto linabaki kwenye ubao badala ya kukata, nawe unapunguza mwendo ukidhani leza imechoka. Hapo ndipo moto unapozaliwa.

Kizima moto nilichopewa kilikuwa cha unga. Kitazima, sikatai, lakini unga ule ukiingia kwenye reli, vioo na mkanda, mashine nayo umeizika. Nimenunua cha gesi ya kaboni dioksidi, ambacho hakiachi mabaki. Cha unga kinakaa mlangoni, kwa siku ambayo chumba ni muhimu kuliko mashine.

Plastiki ya PVC siiweki kabisa. Gesi yake ina asidi, inaumiza mapafu na kuozesha chuma. Kadibodi naikata, lakini kwa mkono mmoja kwenye kitufe.

Naipa nyota nne, na ile ya tano naidai kwenye pampu. Kitabu cha maelekezo kinasema usiiache mashine ikifanya kazi peke yake, sentensi moja ndogo ukurasa wa mwisho, wakati ukurasa mzima umepewa namna ya kubandika stika. Hakisemi chochote kuhusu dakika za baada ya kazi. Vijipande vya plaiwudi huanguka kwenye trei vikiwa na cheche, vikafuka kimyakimya chini ya vumbi. Mimi navuta trei nje, naichambua kwa koleo, namwaga yote kwenye ndoo ya chuma yenye maji, ndipo nazima taa.