Bluu ya kijivu sebuleni: uzoefu wangu Dar es Salaam

Sebule yangu nimeipaka bluu iliyopoa, ile inayoelemea kijivu, na nimeishi nayo kiangazi hadi masika. Naipenda sana. Ila nawaomba wenzangu msiichague kwa kikadi cha rangi cha dukani. Kikadi ni kidogo na unakitazama chini ya taa za duka. Ukutani bluu ileile huzidi nguvu, maana kuta nne zinaangaliana na kila moja inaimwagia mwenzake rangi.

Kilichonisaidia ni kununua kopo la lita moja, kupaka ubao wa plaiwudi koti mbili, kisha kuuhamisha: kando ya dirisha, nyuma ya mlango, chini karibu na sakafu. Asubuhi ulikuwa kijivu tu. Saa kumi jioni, jua lilipoingia, bluu ikatoka yote, laini kabisa. Usiku, chini ya taa nyeupe za 6500K (K, yaani Kelvin, ni kipimo cha rangi ya mwanga), sebule ikawa kama zahanati. Nilipoweka za 3000K, zenye mwanga wa manjano, ikatulia. Kabla hujaikataa rangi, jaribu kwanza kubadilisha taa.

Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni unasema chumba kinachotazama kaskazini kisipakwe bluu. Huko Ulaya ni kweli, jua lao hukaa upande wa kusini. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta: jua hutupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na miezi ya katikati linakaa kaskazini. Cha kuangalia kwetu ni mashariki na magharibi. Madirisha yangu ni ya magharibi, na nadhani hakuna chumba kinachoibeba bluu hii vizuri zaidi. Joto halipungui, feni ni ileile, lakini ukitoka juani saa tisa macho yanapumzika.

Kwenye kuoanisha, sakafu ndiyo inayoamua. Tailizi zangu ni za krimu zenye madoa ya kahawia, kama za nyumba nyingi huku, na samawati safi ingegombana nazo. Kijivu kilichomo ndani ya bluu ndicho kilichozipatanisha. Halafu kuna mninga, mbao ya kabati langu. Kahawia yake yenye wekundu iko upande wa rangi ya machungwa, inayokabiliana na bluu kwenye duara la rangi, ndiyo maana kabati langu la zamani sasa linaonekana hata mishipa ya mbao. Mbele ya ukuta wa krimu lilikuwa linapotea. Mkeka wa ukindu nao umekaa vizuri. Dari nimepaka nyeupe yenye krimu kidogo, si nyeupe tupu. Sofa za kijivu nisingeweka, chumba kingekosa kitu chenye joto.

Sebule ni mita 4 kwa 5, kuta za mita 3. Ukitoa milango na madirisha unabaki na mita za mraba 44 hivi, na lita moja hufunika 10 hadi 12 kwa koti moja, kwa hiyo kwa koti mbili nilichukua makopo mawili ya lita 4. Fundi alikataa kuchovya rola kabla ya kuyafungua yote mawili. "Dada, njoo uone. Hili la pili lina kijani." Kweli, mashine ya dukani ilikuwa imechanganya tofauti. Walinibadilishia, tena baada ya mabishano, na fundi akamimina yote kwenye ndoo moja ya lita 20 akakoroga. Angeanza na moja akamalizia na jingine, tofauti ingeonekana katikati ya ukuta.

Nilichagua silki badala ya isiyong'aa kwa sababu ya watoto. Inafutika, ila jua la jioni likipiga kwa ubavu linaanika kila bonde la puti (ile ya kusawazishia ukuta), kwa hiyo msasa upigwe kwa subira kabla ya praima. Ukuta wa karibu na swichi naufuta kwa kitambaa na sabuni ya maji, na haujapauka.

Kibandiko cha vipimo vya mchanganyiko kilicho kwenye mfuniko nimekipiga picha, ili nikihitaji rangi ya kurekebishia wachanganye kwa namba zilezile.