Mashine ya kukoboa mpunga: ipi inunuliwe na nani

Mkulima wa Ubaruku au Igurusi, mkoani Mbeya, anapopeleka mpunga mashineni huuliza kwanza bei ya kukoboa, ilhali hasara yake kubwa hutoka pamoja na pumba. Katika kilo 100 za mpunga, maganda huchukua takribani kilo 20 na utando wa punje kilo 8 hadi 12, kwa hiyo mchele hauwezi kuzidi sana kilo 70. Mashine zifuatazo zimepangwa kwa jinsi zinavyokikaribia kiwango hicho.

Ya kwanza ni mtambo wa hatua nyingi, unaosafisha mpunga, kuumenya kwa rola za mpira, kutenga chuya (punje zilizobaki na maganda), kung'arisha na kuchekecha chenga, yaani punje zilizovunjika. Hutoa kilo 65 hadi 70. Hata hivyo, asiye na mpunga wa kutosha kuuendesha muda mrefu kila mwaka atakuwa amenunua deni.

Ya pili, ambayo ndiyo ningewashauri vikundi vingi vya Mbarali na Kyela, ni mashine ndogo yenye rola za mpira na king'arishio ndani ya mwili mmoja, nayo huvuka kilo 60. Rola zake mbili huzunguka kwa kasi tofauti, zikavua ganda bila kuiponda punje. Kabla ya kulipa, nenda na mpunga wako mwenyewe, upime uzito kabla na baada ya kukoboa, kisha utenge chenga na kuzipima peke yake. Uliza pia kama rola za akiba zinapatikana Mbeya mjini, kwa sababu mpira ukilika chuya huongezeka, na mwendeshaji akijaribu kuziondoa kwa kubana king'arishio, punje hukatika.

Ya mwisho ni kinu cha chuma cha hatua moja. Ni rahisi kununua na kutengeneza, lakini hutoa kilo 53 hadi 55 tu, na maganda, utando na chenga hutoka vimechanganyika, jambo linaloishusha bei ya pumba kwa wafugaji.

Katika bajeti hiyohiyo weka kipima unyevu na maturubai. Mpunga ukobolewe ukiwa na unyevu wa asilimia 14, kwani uliokaushwa kupita kiasi juani, au uliolowa tena baada ya kukauka, huwa na punje zenye nyufa ambazo hakuna rola itakayoziokoa. Uanikwe kwa unene wa sentimeta 3 hadi 5, ugeuzwe kila nusu saa, na ufunikwe kabla umande haujashuka.