TAHADHARI: Kuna mtu anawauzia Waswahili "tiketi" za soko la Krismasi Köln

Ndugu zangu mlioko Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, someni hapa kabla hamjamtumia mtu hela. Yule kaka anayepanga safari za wikendi kwenda Köln (Cologne), Ujerumani, kuangalia taa na masoko ya Krismasi ni tapeli. Mimi nimepigwa yuro 570, na jana nimekuta tangazo lake kwenye grupu jingine: picha zilezile, namba ya simu mpya.

Biashara yake iko hivi. Usafiri kila mtu anajitegemea. Yeye anakutafutia hoteli ya siku mbili karibu na Dom, lile kanisa kuu, na anakuuzia "tiketi za VIP" za kuingilia sokoni, yuro 30 mtu mzima, 15 mtoto. Kiswahili kimenyooka, "dada" kila baada ya maneno mawili, watoto anawaulizia hali, baridi anakupa pole. Nikajiona nimepata mtu wa nyumbani.

Sasa sikieni: masoko ya Krismasi ya Köln hayana kiingilio. Si lile la Roncalliplatz ubavuni mwa Dom, si la Alter Markt. Unatoka stesheni kuu, Dom hilo limekusimamia usoni, unalizunguka kidogo, tayari uko chini ya ule mti mkubwa wenye taa zilizotandazwa juu ya vibanda. Unalipia unachokula na unachokunywa, basi, pamoja na amana ya kikombe ambayo unarudishiwa ukikirudisha. Nina miaka sita Antwerpen na hili sikulijua, kwa hiyo atakayenicheka anicheke.

Tulifika Ijumaa jioni, manyunyu yanaanguka, mume wangu kambeba mdogo aliyelala. Dada wa mapokezi aliandika jina langu, akafuta, akaandika upya, akaomba pasipoti, akaandika tena. Kisha akaigeuza karatasi yangu ya uthibitisho, akaweka kidole kwenye namba ya chumba tulichopangiwa. Ghorofa ya saba. Hoteli yao ina ghorofa tano. Nikampigia yule kaka palepale. Ikaita mara moja ikakatwa. Ujumbe wangu ukabaki na tiki moja, nikajua nimekula bloku.

Na zile tiketi? Mwanangu mkubwa alimwonyesha msimbo wa QR mama mmoja anayekaanga chapati za viazi. Mama akacheka, halafu akatuangalia nyuso, akaacha kucheka. Tulirudi Antwerpen usiku uleule.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilionywa. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinalazimika kulinganisha jina unaloandika na jina la mwenye akaunti, na benki yangu iliniandikia wazi kwamba hayalingani. Nikamuuliza, akasema akaunti ni ya mhasibu wake. Namba yenyewe ilianza na LT, yaani Lithuania, na yeye anadai anaishi Bonn. (LT peke yake si kosa, wengi tuna akaunti za mtandaoni za huko. Ila jina lisipolingana na namba nayo ikawa ya nchi nyingine, shtuka.) Nikabonyeza "endelea". Sasa benki inasema ilinitahadharisha, hasara ni yangu. Polisi nimewapelekea kila kitu, ndiyo maana simtaji jina hapa.

Safari anayoiuza sasa ni ya tarehe 27 hadi 29 Desemba, "soko la Dom, taa zote zikiwaka". Soko la Dom linafungwa tarehe 23. Lipo la Heumarkt ambalo huendelea mpaka Januari, lina pia uwanja wa kuteleza kwenye barafu, lakini nalo halina kiingilio.

Kama umeshamlipa, piga simu benki leo hii, usingoje Jumatatu. Hela ikiwa bado haijatolewa upande wa pili, pengine itazuilika. Uliyelipa kwa kadi una nafuu, omba malipo yarudishwe. Na hoteli ipigie wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao. Usipige ile iliyochapwa kwenye karatasi yake. Mimi niliipiga kwa simu ya mume wangu, akapokea yule tapeli mwenyewe, safari hii kwa Kijerumani.