Bima kubwa ya pikipiki ya kale iliyobadilishwa injini: kukata kwa dalali, Arusha mjini

Mwenye Suzuki TF125 au Honda XL125S ya zamani iliyofungwa injini ya Kichina asiishie kwenye kibanda cha stika. Pale unataja namba ya usajili, unalipa, unaondoka na bima ndogo, na trafiki hana neno na wewe. Lakini bima ndogo inalipa hasara uliyomsababishia mwenzio. Pikipiki yako ikiibwa au ikiungua, hupati kitu. Tunachopima hapa ni bima kubwa inayokatwa kupitia kwa dalali wa bima, katika ofisi ya ghorofani karibu na Mnara wa Saa inayopokea hata pikipiki ambazo injini yake siyo iliyotoka nayo kiwandani.

Sifa ya kwanza ya ofisi hii ndiyo inayowaudhi wateja wengi: haigusi fomu yako mpaka namba ya injini iliyo kwenye kadi ya usajili ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Wako sahihi kabisa. Kwenye injini za aina ya CG, yaani za Kichina zilizoigwa kutoka Honda CG, namba iko chini upande wa kushoto, jirani na pedali ya gia, pale panapoganda oili na vumbi. Sugua kwa brashi na petroli kidogo injini ikiwa imepoa, pakauke, kisha bandika karatasi nyembamba na upitishe penseli kwa ubavu mpaka herufi zichomoze. Ukisoma 162FMJ, hiyo bado si namba yako. Ni aina ya injini. 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, J ni cc 150. Ndugu yake wa cc 125 huandikwa 156FMI. Namba yako ni ile inayofuata baada ya hapo. Ukijaza 162FMJ peke yake kwenye fomu, umetaja injini ya bodaboda nyingi za mji.

Kwa hiyo utaratibu unaanzia mbali na ofisi ya bima. Tunza risiti ya EFD ya injini, au hati ya mauziano yenye namba yake kama umeinunua kwa mtu. Peleka pikipiki ikakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, halafu uende TRA (mamlaka ya mapato) na kadi halisi wakubadilishie taarifa. Bima ije mwisho. Ukitanguliza bima, mkataba utaandikwa kwa injini iliyokwisha kwenda kwenye chuma chakavu. Siku ya ajali mkaguzi wa polisi atajaza kwenye PF 93, fomu ya polisi ya ukaguzi wa chombo, injini anayoiona kwa macho. Karatasi mbili, injini mbili, na kampuni ina sababu ya kukataa kulipa, kwa kuwa ulificha jambo linalobadilisha hatari waliyokubali kuibeba.

Mkaguzi anayetumwa na ofisi hii ya bima anaijua kazi. Hatazami rangi, anachuchumaa nyuma na kuweka rula ndefu ya chuma kwenye sproketi mbili. Breketi za kuchomelea zinazoshika injini zikikaa vibaya, hata kwa milimita chache, cheni inavutwa upande, inakula meno, mwisho inaruka na kulifunga gurudumu la nyuma. Anafuata umeme. Pikipiki nyingi za miaka ya 70 zilikuwa za volti 6, injini hizi mpya huleta volti 12, na fundi akiacha waya na balbu za zamani, balbu zinaungua mfululizo na waya uliochoka unapata moto chini ya tangi. Fundi abadilishe waya wote na afunge fyuzi karibu na betri kabla ya siku ya ukaguzi.

Kwenye thamani ndipo panapohitaji ubishi. Fomu ya kawaida inatumia thamani ya soko, na soko la pikipiki ya mwaka 1978 halipo. Mkadiriaji wa hasara atakupa bei ya chakavu. Dai thamani ya makubaliano, iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, ikiambatana na tathmini na picha za pande zote nne, chesisi na injini. Ofisi hii inakubali, ila usipouliza hawakwambii, na hilo ni kosa lao kubwa. Wala usishushe thamani ili ulipe kidogo: chombo cha milioni 6 kikikatiwa bima ya milioni 3, hasara ya milioni 1 inaweza kulipwa laki 5 tu, na hapo bado hawajatoa sehemu unayobeba mwenyewe. Bei yoyote utakayotajiwa, uliza kama VAT imo.

Injini ya asili uliyoihifadhi stoo haimo kwenye bima hii, kwa sababu haijafungwa kwenye chombo. Uliza kama inaweza kuandikishwa kwenye bima ya mali za nyumbani. Usiiuze: siku ukitaka kuirudisha, ndiyo inayobeba thamani yote ya ukale.

Ukishalipa, hakiki stika kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kabla hujashuka ngazi, kisha soma kipengele cha matumizi. Kilichoandikwa ni matumizi binafsi. Ukimkodisha mtalii pikipiki hiyo kwa siku mbili aende nayo Tengeru au Usa River, umetoka nje ya mkataba. Waambie mapema wakuandikie ya kukodisha, japo ni ghali zaidi.