Nimekaa miezi na data ya madaraja yote ya Marekani, haya ndo maoni yangu

Naanza na nyota kabisa, mwenye haraka achukue aondoke: 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoikata sikuikata kwa sababu ya usumbufu wa mafaili, japo usumbufu upo wa kutosha na ntausema, nimeikata kwa kitu kingine ambacho kilinichukua mda mpaka kukiona.

Kitu chenyewe ni National Bridge Inventory, mi naliita tu daftari la madaraja. Ni data ya serikali ya Marekani inayotunzwa na Federal Highway Administration, wakala wao wa barabara kuu, ina madaraja zaidi ya 600,000, kila daraja na mstari wake, kila mwaka na faili lake kuanzia 1992, na unashusha bure bila kujisajili wala kumwandikia mtu barua. Ukiwa injinia wa miundo unayejifunza data, au mtu wa data unayetaka kujua chuma na zege zinazeekaje, sijaona pengine pa kuanzia penye mzigo mkubwa hivi uliokaa wazi hivi. Kila mstari una kolamu zaidi ya mia, mwaka wa kujengwa, aina ya mihimili, urefu wa spani, magari mangapi yanapita kwa siku, limekaguliwa lini mara ya mwisho, linavuka nini. Daraja linaingia humo likizidi futi 20, kama mita 6.1 hivi, kwa hiyo hata makalvati makubwa yamo, usije ukashangaa.

Asili yake ni msiba. Tarehe 15 Desemba 1967 Silver Bridge, lililokuwa linaunganisha West Virginia na Ohio, lilianguka likiwa limejaa magari, wakafa watu 46. Chanzo ufa wa kina cha kama milimita 2.5 kwenye kiungo kimoja cha mnyororo uliokuwa unalibeba, kiungo kilipokatika daraja zima likaenda maana hakukuwa na kingine cha kupokea mzigo. Hapo ndo wakaona hawana hata orodha ya madaraja yao wenyewe, sheria ikaja mwaka uliofuata, ukaguzi ukawa wa lazima, kwa kawaida kila miezi 24, na matokeo ya ukaguzi huo ndo haya tunayoshusha leo tumekaa kitako.

Moyo wa daftari ni alama, kuanzia 0 mpaka 9. Zinatolewa tatu: sakafu ya daraja, mihimili ya juu, na nguzo pamoja na misingi. Kalvati lina yake peke yake. Ile ya chini kuliko zote ndo inabeba jina la daraja zima, 7 kwenda juu ni zuri, 5 na 6 la wastani, 4 kwenda chini ni bovu. Na hapa wengi wanaingia mkenge wanadhani bovu maana yake linaanguka kesho, hapana, kuna mabovu mengi yanapitisha magari salama tu na kuna mengine yamewekewa kikomo cha uzito, alama inaelezea hali iliyoonekana kwa macho, haisemi daraja linabeba tani ngapi. Hilo lishike, tutalirudia.

Sasa usumbufu. Siku ya kwanza nimechora madaraja kwenye ramani nikaona Marekani tupu, hamna hata moja, nikahangaika saa nzima kumbe yako China na Mongolia huko. Longitudo wameandika bila alama ya kutoa, na si desimali, ni digrii, dakika na sekunde zimeshikanishwa namba moja ndefu. Daraja la Pittsburgh likawa limekaa zake magharibi mwa China limetulia. Ukifungulia Excel ndo balaa zaidi, namba za madaraja zinazoanza na sifuri zinaliwa zile sifuri, halafu ukija kuunganisha faili la 2010 na la 2020 madaraja hayakutani, unaanza kujiuliza yamebomolewa lini. Na herufi N, inayomaanisha haihusiki, programu yangu iliigeuza sifuri, na sifuri kwenye daftari hili ni daraja lililoshindwa kabisa, halitumiki tena! Nilikuwa na makalvati ya kutosha yaliyokufa kwenye karatasi tu. Hayo nayasamehe, mwongozo upo, ule wa 1995, uusome kabla hujagusa kitu, na ujue kuna mwongozo mpya wa 2022 uliobadilisha majina na mpangilio, kwa hiyo skripti ulizozoea zitakufia mkononi.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Chukua daraja moja uliangalie miaka kwa miaka, mi nilikuwa nalo moja la mihimili ya chuma, alama zake zinaenda 5, 5, 5, 4, halafu 5 tena. Kolamu ya ukarabati tupu. Sasa chuma kilipona chenyewe? Hakikupona, kilichobadilika ni jicho. Wenyewe Federal Highway Administration walitoa utafiti 2001, wakachukua wakaguzi 49 wakawapeleka kwenye madaraja yale yale, alama zikatofautiana kiasi kwamba ukitaka uzikamate asilimia 95 lazima ukubali pointi mbili juu au chini ya wastani. Pointi mbili! Kati ya daraja la wastani na daraja bovu kuna pointi moja. Kwa hiyo ukimwona mtu anakuletea grafu ya madaraja yaliyoshuka toka 5 kwenda 4 mwaka huu, muulize kwanza mkaguzi alikuwa yule yule?

Mi mwenyewe nilijidanganya vizuri sana. Nikatengeneza modeli ya kutabiri alama ya ukaguzi unaofuata, ikapata zaidi ya tisini kwa mia, nikafurahi nikaenda kulala. Asubuhi nikajaribu kitu cha kijinga, nikaandika mstari mmoja tu unaosema alama ijayo ni sawa na ya sasa, asee ikakaribia ile ile. Madaraja hayabadiliki haraka, kwa hiyo ukisema kila mtu atabaki alivyo unapatia karibu kila saa, ila yale machache yanayoshuka, ambayo ndo serikali inayatafuta, yote umeyakosa. Nilipopima kwa hayo tu modeli yangu ikawa ya kawaida kabisa, namba siisemi, nina aibu. Kuna kampuni moja, jina nabaki nalo, niliwahi kuona wanauza mfumo wa kutabiri madaraja wakijisifia usahihi wa namna hiyo hiyo juu ya data hii hii ya bure, nikawauliza kwa yale yanayoshuka mnapata ngapi, kimya mpaka leo.

Mtego mwingine ni huu, utaona madaraja ya mawe ya miaka ya 1800 yana alama nzuri ukaanza kusema wazee walijua kujenga, sawa walijua, lakini ya wenzao waliojenga vibaya yalishaondoka zamani na mstari wake kwenye faili la leo haupo. Unaangalia waliobaki unadhani ndo wote.

Kwenye dizaini daftari linasaidia kwa upande upande. Linakupa idadi ya magari na malori ni asilimia ngapi, halikupi uzito wao, na injinia anayedizaini anataka uzito. Nani anajua kwamba mzigo wa magari kwenye kanuni za AASHTO (umoja wa idara za barabara za majimbo) za 1994, ambazo matoleo yake yanatumika Marekani nzima, ulipimwa kwa data ya malori 9,250 ya Ontario, Kanada, ya mwaka 1975? Walichukua uzito ule, wakapiga hesabu ya takwimu mpaka mzigo mkubwa unaotegemewa ndani ya miaka 75, wakapanga vizidisho vya usalama viwiane na kiwango kimoja cha uhakika kwa madaraja ya aina tofauti. Kazi nzuri sana ile, mpaka leo naiheshimu, badala ya kusema tuzidishe tu kwa kitu tulichozoea waliuliza uwezekano wa kushindwa ni kiasi gani. Lakini malori ya 1975 si ya sasa, na siku hizi kuna vipimo vinafukiwa barabarani vinapima lori likiwa linatembea, data hiyo ukiikutanisha na daftari ndo unapata kitu cha kumwonyesha mtu anayepanga kikomo cha uzito. Peke yake daftari haliwezi.

Sasa nije kwenye nyota yangu.

Tarehe 28 Januari 2022 asubuhi na mapema Fern Hollow Bridge la Pittsburgh likaanguka, basi likiwa juu yake, watu kadhaa wakaumia, hakufa mtu. Siku hiyo hiyo rais Biden alikuwa na ratiba ya kwenda mji huo kuongelea miundombinu, hata ukitunga hadithi usingethubutu. Nikafungua mafaili yangu nikarudi nyuma mwaka kwa mwaka. Bovu. Bovu. Bovu. Lilikuwa limeandikwa bovu kuanzia 2011, kikomo cha uzito kimewekwa tani 26, liko pale kwenye mstari wake kila mwaka bila kukosa. Lilijengwa kwa ile aina ya chuma kinachotakiwa kishike kutu ya juu juu tu, halafu kutu hiyo yenyewe ikikinge, ila sharti kikauke, na mifereji ilikuwa imeziba maji yakawa yanakaa kwenye miguu ya daraja chuma kikaliwa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya serikali inayochunguza ajali, walipomaliza wakasema wakaguzi walishapendekeza matengenezo mara kwa mara na hayakufanyika, na hata hesabu ya uwezo wa kubeba ilikuwa na makosa, lami ilikuwa nene kuliko ile iliyowekwa kwenye hesabu, kupungua kwa chuma hakukuhesabiwa sawasawa, hesabu ingefanywa vizuri lilitakiwa lifungwe.

Sasa tafuta kwenye daftari, je kuna kolamu inayosema mkaguzi aliagiza mfereji uzibuliwe, lini, na nani alipaswa kuuzibua na akaufanyaje? Hamna. Kuna kolamu ya kazi kubwa inayopendekezwa na gharama yake, basi. Alama unaipata, agizo huoni. Yani mtu wa data unaweza kukaa na laptop ukaona alama 4 miaka kumi mfululizo usijue kama kuna aliyekuwa anapiga kelele au wote walikuwa wamelala, na kumbe hiyo tofauti ndo kila kitu.

Na usifikiri nalilaumu bure, maana kuna upande mwingine wa shilingi. I-35W la Minneapolis lililoanguka 1 Agosti 2007, watu 13 wakafa na 145 wakaumia, nalo lilikuwa na 4 kwenye mihimili ya juu. Watu wakasema si mnaona, data ilijua! Data haikujua. Ile 4 ilitokana na kutu na mambo mengine, lililoua ni mabamba ya kuunganishia vyuma yaliyotengenezwa nusu inchi badala ya inchi moja tangu dizaini ya miaka ya 60, juu yake wakarundika vifaa na kokoto za ukarabati. Mabamba hayo hayakuwa yanapigiwa hesabu, na unene wake hauna kolamu. Hapo alama ilipatia kwa bahati tu.

Kwenye hela ndo utaona daftari lina nguvu kuliko wanavyolidhania. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 27.5 za madaraja kwa miaka mitano, na mgao kwa majimbo ulitoka moja kwa moja humu: robo tatu kulingana na gharama ya kubadilisha madaraja mabovu, robo gharama ya kukarabati yale ya wastani. Kwa hiyo mkaguzi mmoja aliyesimama chini ya daraja na tochi, akiandika 4 badala ya 5, amesogeza hela. Mi binafsi mfumo huo unanikwaza kidogo, jimbo lililotunza madaraja yake vizuri linapata pungufu kuliko lililoyaacha yaoze, ila mbadala wake ni kugawa kwa kujuana, na hapo bora hii.

Nani achukue? Mwanafunzi wa uhandisi achukue leo. Mtu wa ofisi ya serikali anayepanga bajeti achukue, ila aajiri mtu wa kwenda kuangalia madaraja 50 ya mwanzo kwenye orodha yake kwa macho kabla hajasaini. Anayetafuta kujua kwa uhakika daraja lake linabeba kiasi gani asilitegemee peke yake.

Kabla sijafunga, kolamu ya 113, ya maji kuchimba misingi. Maji ndo muuaji mkubwa wa madaraja Marekani kuliko kitu kingine chochote, Schoharie Creek huko New York lilikwenda hivyo tarehe 5 Aprili 1987 wakafa watu 10, maji yalikula udongo chini ya nguzo huku juu barabara iko safi. Ichuje ile kolamu ibaki na herufi U peke yake. U maana yake msingi wake haujulikani, yani daraja lipo, magari yanapita, na hakuna karatasi inayosema nguzo zimeshuka chini kiasi gani. Nilianza kushusha orodha taratibu nisome majina ya mito, nikashusha, nikashusha, mpaka kidole kikachoka.