Gereji ya Tabata iliyogundua ugonjwa wa Fairlady yangu

Gari yangu ni Nissan Fairlady Z ya 2004, ile yenye injini ya V6 ya lita 3.5, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Niliiwekea akiba miaka sita, na milio yake yote naijua. Mwezi wa nne, masika yamekolea, niliingia kwenye shimo lililofunikwa na maji huku kwetu Kimara, Dar es Salaam. Gurudumu la mbele kushoto lilitumbukia, la nyuma likafuata humo humo. Kesho yake asubuhi, kila nikikanyaga breki, nasikia "ko!" chini ya miguu yangu.

Dalili zikaongezeka. Usukani ulikuwa unatetemeka nikifunga breki nikiwa spidi 80, nikiachia breki unatulia. Tairi ya mbele kushoto ikaanza kulika upande wa ndani, kiasi kwamba ukisimama pembeni huoni kitu mpaka uingize mkono nyuma yake. Halafu siku moja nimepaki Posta, kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, nikaona nyuma kushoto gari imekaa chini kidogo. Nikajiambia ni macho yangu tu.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ni kubwa, ina lifti na sehemu ya kusubiri yenye kiyoyozi. Hakuna aliyeiendesha gari. Kijana mmoja aliikandamiza mbele kwa mikono mara mbili, akasema shokapu za mbele zimekufa, kisha akaniambia, "Mpigie shemeji nimweleze." Hakuna shemeji. Gari ni ya kwangu, kadi ina jina langu, na anayesikia mlio ni mimi. Nililipa Sh 920,000, shokapu mbili pamoja na ufundi. Tuta la kwanza nje ya geti: ko! Niliporudi wakasema basi ni diski za breki, niongeze laki nne. Nikachukua ufunguo wangu.

Aliyenielekeza Tabata ni mfanyakazi mwenzangu mwenye Subaru. Gereji iko upande wa Relini, uani, chini ya mwembe mkubwa. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa, bati limefunika nafasi ya magari mawili tu. Nakiri niliposimama pale na gari yangu nilisita. Fundi ni mtu mzima, hana maneno mengi. Nilianza kumwambia nilichoambiwa kule, akanikatiza kwa upole: "Dada, usiniambie walichosema. Niambie unachosikia na unakisikia wapi."

Hicho ndicho kilichonifanya niandike. Alitumia karibu saa nzima kuitafuta shida kabla hajataja shilingi.

Kwanza tulitoka na gari, mimi naendesha, yeye amekaa pembeni kioo kikiwa wazi. Akaniambia nifunge breki taratibu, kisha kwa nguvu, kisha nipite tuta bila breki kabisa. Kwenye tuta bila breki mlio wa mbele ulikuwa mdogo sana. Nikigusa breki, ko. "Basi si shokapu," akasema. "Shokapu ingepiga kelele tuta likija, breki au bila breki." Tuliporudi akatoa futi ya utepe, akapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, magurudumu yote manne. Nyuma kulia na nyuma kushoto zilipishana sentimita mbili na nusu. Macho yangu yalikuwa sahihi tangu siku ile ya Posta!

Halafu jeki, na chini ya gari stendi mbili. Hakuingia chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, na dogo anayemsaidia alipotaka kufanya hivyo alimfokea. Akalishika gurudumu la mbele kushoto juu na chini, akalitikisa: halichezi, kwa hiyo beringi na boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu) ni nzima. Akalishika kulia na kushoto: tairodi, vyuma vinavyogeuza magurudumu ukikata usukani, nazo nzima. Akachukua mtarimbo mwembamba, akauingiza kwenye mkono wa chini unaotoka kwenye gurudumu kurudi nyuma kushika kwenye bodi. Wenyewe wanauita kompresheni rodi. "Njoo dada, chuchumaa hapa."

Nilichuchumaa na kanga yangu ya kazini, tochi ya simu mkononi. Bushi ya ule mkono ni duara la mpira mnene ndani ya bangili la chuma. Mpira ulikuwa umechanika nusu duara, kingo zimechakaa na kugeuka kijivu, na chini yake kulikuwa na mstari mweusi wa majimaji yaliyotiririka na kushika vumbi. Fundi aliponipa mtarimbo na kuniambia nisukume, chuma cha katikati kilikwenda mbele na kurudi kama jino linalotaka kung'oka. Na sauti ilikuwa ile ile. Ko.

Akanieleza kwamba bushi za gari hii zimejazwa majimaji ndani ili zimeze mtetemo, zikipasuka yanavuja na mpira unabaki peke yake. "Breki ikishika, gurudumu linabaki nyuma, gari inataka kwenda mbele. Mkono huu ndio unaolizuia lisirudi. Mpira umekwisha, kwa hiyo linarudi, linagonga, usukani unacheza." Na kila linaporudi uelekeo wake unapinda, ndiyo maana tairi ililika ndani. Dakika mbili, na dalili tatu zilizoninyima raha wiki tano zikawa kitu kimoja ninachokishika kwa mkono.

Nyuma ilikuwa rahisi kuiona kwa anayejua pa kuangalia. Kwenye Z hii springi ya nyuma haikuzungushwa kwenye shokapu, imekaa peke yake kwenye mkono wa chini wenye umbo la bakuli. Mkunjo wa mwisho ulikuwa umekatika, kipande kimelala humo ndani ya bakuli, kimefunikwa na tope na mpira wake. Palipokatika palikuwa na kutu ya zamani nusu, na nusu nyingine chuma kinachong'aa, kipya. Maana yake ufa ulikuwepo kabla, shimo la Kimara lilimalizia tu. Nilimuuliza kwa nini shokapu mpya hazikuinyanyua gari. Akasema shokapu haibebi gari, inayobeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isirukeruke. Nilikuwa nimelipa karibu milioni bila kujua hilo.

Kwenye spea alinipa njia tatu na bei zake. Kukandamiza bushi mpya kwenye mkono wa zamani kwa presi, Gerezani, ndiyo nafuu zaidi. Bushi za poliyurethani, aina ya plastiki, hudumu lakini ni ngumu, kila kokoto utalisikia. Au mikono kamili mipya, yenye boljointi yake. Nilichagua mikono kamili, kulia na kushoto, Sh 270,000 mmoja. Springi tulikwenda wote Ilala, za mtumba kutoka Japani. Jozi ya kwanza aliisimamisha juu ya meza ya muuzaji, moja ikaizidi nyenzake kwa unene wa kidole. Akazirudisha. Ya tatu ndiyo aliyoikubali, Sh 220,000 jozi, baada ya kupitisha kidole kila mkunjo akitafuta kutu.

Kazi yenyewe niliitazama. Kabla ya kushusha mkono wa nyuma aliifunga springi kwa mnyororo, maana ikifyatuka inaweza kumuua mtu. Ila jambo lililonishangaza lilikuwa mwisho. Aliziacha bolti za bushi bila kuzikaza, akaishusha gari mpaka magurudumu yakakalia mbao nene, ndipo akalala chini na kuzikaza, gari ikiwa imebeba uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira unafungwa ukiwa umejikunja, gari ikishuka unajisokota, na baada ya miezi michache unachanika tena. Nadhani hapa ndipo fundi anapojulikana, kwa sababu hakuna mteja ambaye angegundua kama angeiruka hatua hiyo.

Jumla: spea Sh 760,000, ufundi Sh 180,000. Nilimtumia kwa simu.

Yasiyonifurahisha nayo niyaseme. Aliniahidi Alhamisi, nikapata gari Jumamosi jioni, na Ijumaa yote hakupokea simu. Kwa mtu anayetegemea gari kwenda kazini siku mbili ni nyingi, na ujumbe mmoja ungetosha. Hakuna pa kukaa zaidi ya benchi. Risiti ni ya kuandika kwa mkono, anayehitaji ya mashine aulize mapema. Na hana mashine ya alaimenti, ya kupima na kunyoosha magurudumu: alinyoosha magurudumu kwa kamba ili tu gari ifike kwenye kompyuta, akaniandikia karatasi ya kuwapa kule. Humo aliandika kwamba mbele, gari hii kiwandani haikuwekewa pa kurekebisha mlalo wa gurudumu (linavyoinama ndani au nje), inarekebishwa uelekeo tu. Nyuma vyote viwili vinarekebishwa. Akasema wakikuambia wamerekebisha mlalo wa mbele, waombe wakuonyeshe bolti waliyoifungua. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliingia pale nikiwa najua ninacholipia.

Sasa ni miezi mitatu. Juzi nilitoka Posta usiku, nikapita juu ya daraja pale Ubungo, Barabara ya Morogoro iko wazi kiasi, nikafunga breki kutoka 80 kwa makusudi. Usukani ulitulia mikononi kama umelala. Nilitabasamu peke yangu hadi Kimara.

Ninampa nyota nne. Ya tano ameipoteza kwa ile Ijumaa.

Ukienda, nenda kabla ya saa tatu asubuhi, Jumapili hafungui. Na usioshe gari kwa chini siku moja kabla, kama nilivyofanya mimi kwa aibu ya tope. Aliniuliza nani ameiosha, akasikitika: anataka kuona mafuta yametiririkia wapi na vumbi limeganda wapi, ndiko anakoanza kusoma.